Jiwe la Nyuma: Historia ya Uzito wa Trekta, Kutoka Busisi

Nimekuwa kimya kidogo, nilikuwa Kanda ya Ziwa. Leo nawapeleka Busisi. Najua kila anayekwenda huko siku hizi anarudi na picha za daraja, lile la kilomita 3 linaloitwa kwa jina la hayati Magufuli, lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025 na kuunganisha Kigongo upande wa Misungwi na Busisi upande wa Sengerema. Ni daraja la kujivunia, halina ubishi. Mimi mwenzenu nimerudi na habari ya pipa.

Pipa lenyewe ni lile la kawaida la mafuta, la lita 200, lililokatwa na kubaki kama sufuria kubwa, likajazwa zege, kisha likaning'inizwa nyuma ya trekta dogo. Fundi mmoja wa kuchomelea ndiye aliyelitengeneza. Wenyewe wanaliita "jiwe". Mbele ya trekta hilo kuna kijiko cha kubebea mchanga na kokoto. Nyuma kuna jiwe. Halilimi, halivuti, halibebi kitu. Kazi yake ni moja tu: kuwa zito.

Mtu wa mjini akiliona atacheka, atasema wabongo kwa kuungaunga hatujambo. Asiharakishe. Ndani ya pipa lile kuna historia ya miaka zaidi ya mia moja: ya Marekani, ya Ireland, ya Kongwa na karanga za Mwingereza, ya pamba ya Usukuma, na ya vijana wa kwetu waliofanywa mawe bila mtu kuwauliza. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikae kuandika. Tulia, tutalifikia.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu hadithi nzima itaonekana ya kijiweni.

Chukua trekta dogo ambalo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna mita 1.8. Mweke kijiko mbele, na kijiko kibebe kilo 300 za mchanga, mita 1.5 mbele ya ekseli ya mbele. Trekta sasa limekuwa bembea, ekseli ya mbele ndiyo mhimili. Zidisha 300 kwa 1.5, unapata 450. Gawanya kwa 1.8, unapata 250. Maana yake magurudumu ya nyuma yamepunguziwa uzito wa kilo 250. Na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma trekta, na kwa matrekta mengi madogo ndiyo yenye breki! Kwenye mteremko wenye changarawe, dereva anakanyaga breki na trekta linaendelea na safari zake. Akikata kona huku kijiko kiko juu, gurudumu moja la nyuma linaachia ardhi, na trekta linalala ubavu.

Sasa tundika jiwe nyuma, mita 1 kutoka ekseli ya nyuma. Kutoka ekseli ya mbele hiyo ni mita 2.8. Jiwe la kilo 160 tu, ukizidisha kwa 2.8 na kugawanya kwa 1.8, linarudisha karibu kilo 249 kwenye magurudumu ya nyuma. Umeona maajabu? Kilo 160 zimefuta hasara ya kilo 250, kwa sababu ya mahali zilipokaa. Na ekseli ya mbele, iliyokuwa inalia kwa mzigo, inapumua kwa kilo 90 hivi.

Watu wa Busisi hawahitaji kuchorewa ubaoni. Kwa miongo mingi maisha yao yalipita kwenye pantoni, na kila aliyevuka pale alikuwa akiona magari yakipangwa, hili kati, lile pembeni. Ziwa limetufundisha somo hilo kwa bei ambayo hatutaisahau. MV Bukoba ilipinduka tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza na kuua mamia ya watu. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 pale Ukara, chombo kilichoruhusiwa kubeba watu 101 kikaua zaidi ya 220. Uzito si kitu cha kuchezea ukikaa mahali pasipo pake.

Haya, turudi nyuma zaidi, kabla ya injini.

Busisi iko kwenye nchi ya Wazinza, na upande huo wa magharibi wa ghuba, kuelekea Geita na Biharamulo, ndiko walikokuwa Warongo, wahunzi walioyeyusha chuma kwa tanuri za udongo na mivukuto muda mrefu kabla ya Mjerumani kutia mguu. Majembe yao yalivuka hadi Usukumani, yakauzwa, yakalipiwa hata mahari. Wageni walipokuja kuandika kwamba Mwafrika hakuwa na chuma, chuma kilikuwa kinapishana nao njiani!

Ukiliangalia jembe la mkono kwa jicho la leo, utagundua kwamba nalo ni habari ya uzito. Mkulima ananyanyua chuma, anakiachia, na uzito wa chuma unaingia ardhini. Jembe jepesi mno linadunda, jembe zito mno linamaliza mgongo kabla ya saa nne asubuhi. Ndiyo maana Wasukuma walilima kwa vikundi na kwa ngoma, na ngoma ya bugobogobo inachezwa na majembe mkononi mpaka leo. Jembe la ngoma linarushwa juu na kudakwa. Huwezi kufanya hivyo na chombo ambacho hujui uzito wake.

Baadaye likaja plau la ng'ombe, lililoenea sana Usukumani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, sambamba na pamba. Hapo uzito ukahamia kwa mnyama. Ng'ombe wawili wanaegemea nira kwa miili yao, kwato zinashika ardhi, plau linakwenda. Ng'ombe ana akili moja nzuri ambayo trekta halina: plau likigonga kisiki, anasimama.

Trekta halisimami. Na hapo ndipo hadithi yetu inapovuka bahari.

Mwaka 1917 Henry Ford alianza kuuza Fordson, trekta dogo na la bei nafuu lenye uzito wa tani 1.2 hivi, wakati matrekta mengi ya zama zile yalikuwa madude ya tani kadhaa. Dunia ilikuwa vitani, farasi na wanaume walikuwa wamepelekwa vitani, na Uingereza ilikuwa na njaa ya mashine. Fordson likawa maarufu. Pia likawa muuaji. Plau likinasa kwenye jiwe au mzizi, magurudumu ya nyuma hayawezi kuzunguka, injini haikubali kushindwa, basi trekta lenyewe linazunguka juu ya ekseli yake. Pua inainuka, mashine nzima inaanguka chali na dereva akiwa chini. Inachukua chini ya sekunde mbili. Baadaye Ford waliyafunga madigadi marefu yanayotokeza nyuma ili yazuie trekta kujipindua. Kwa maneno mengine, trekta liliwekewa mkia.

Mwaka huohuo wa 1917 kijana mmoja wa Ireland, Harry Ferguson, alipewa kazi ya kuzunguka kwao na kuwafundisha wakulima kutumia matrekta vizuri zaidi ili chakula kiongezeke. Akaona kile ambacho wengine walikuwa wanakitazama bila kukiona. Tatizo lilikuwa jinsi plau linavyofungwa. Plau likikokotwa kwa mnyororo kama tela, linalivuta trekta nyuma na kulitishia. Likishikwa na mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, nguvu ya udongo inayovuta plau inageuka kuwa nguvu ya kuyakandamiza magurudumu ya nyuma, na mkono wa juu unasukuma pua ya trekta irudi chini. Zana inakuwa uzito. Akaongeza haidroli inayopima mvuto wa plau na kulipandisha kidogo linapokutana na udongo mgumu. Alipata hataza ya mfumo huo mwaka 1926, mwaka 1939 ukaingia kwenye trekta la Ford 9N, na kuanzia 1946 hadi 1956 kiwanda cha Coventry kikatoa zaidi ya matrekta 500,000 ya Ferguson TE20. Trekta lenyewe lilikuwa na tani 1.1 tu! Sir Edmund Hillary aliyaendesha ya aina hiyo hadi Ncha ya Kusini ya dunia, akafika Januari 1958.

Mikono hiyo mitatu ndiyo unayoiona leo nyuma ya karibu kila trekta duniani, liwe la Marekani, la India au la China. Na ndiyo iliyoshika jiwe la Busisi.

Kitu kingine kilichobadilisha mambo ni matairi. Kabla ya miaka ya 1930 magurudumu ya trekta yalikuwa ya chuma, mazito, yenye meno. Mwaka 1932 kampuni ya Allis-Chalmers ikaanza kuuza matrekta yenye matairi ya upepo. Yakaenda kasi, yakatumia mafuta kidogo, ila yakawa mepesi nyuma. Hapo ndipo wakulima wakaanza kufunga vyuma kwenye rimu, na kujaza maji kwenye matairi mpaka robo tatu. Tairi la nyuma la trekta la wastani linaweza kuchukua zaidi ya lita 150 za maji, yaani zaidi ya kilo 150 kila upande, bila kununua chuma. Huko kwenye baridi maji yanaganda, hivyo wanayatia chumvi ambayo inakula rimu. Sisi watu wa ziwani hatuna shida hiyo. Maji tele, barafu hakuna.

Kwa hiyo, mdau, hadi vita ya pili ya dunia inaisha, wenye matrekta walikuwa wameshajua siri nzima: nguvu ya injini haina maana kama hakuna uzito wa kuishikisha ardhini, na uzito huo lazima ukae mahali panapotakiwa. Swali ni je, siri hiyo ilisafiri pamoja na mashine zilipoletwa kwetu?

Kwa kiwango kikubwa ilibaki bandarini.

Mfano wa kwanza ni mkubwa mpaka unachekesha. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, baadaye na Urambo na Nachingwea. Matrekta yalikuwa haba baada ya vita, wakaokota yaliyoachwa na majeshi, na kiwanda cha Vickers kikachukua vifaru vya Sherman, vikavuliwa mizinga na kugeuzwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Fikiria: kifaru cha vita kinakwenda kulima karanga Ugogo! Uzito ulikuwepo wa kutosha na kubaki. Kilichokosekana ni kuijua ardhi. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji, unakula vyuma vya majembe, na mvua zilikataa kufuata ratiba ya London. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukafutwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimezama.

Mfano wa pili ni wetu wenyewe, tena wa Mwanza. Wakulima wa pamba, wakiongozwa na Paul Bomani, walikuwa wamejenga chama kikuu cha ushirika, Victoria Federation of Co-operative Unions, VFCU, kilichoandikishwa mwaka 1955. Kilikuwa fahari ya Kanda ya Ziwa. Baada ya uhuru VFCU ikaingia kwenye kilimo cha matrekta. Mashamba yaliunganishwa kuwa vitalu, trekta la ushirika likalima, kila familia ikapalilia kipande chake, na gharama ikakatwa kwenye pamba. Wazo zuri. Lakini trekta lililima eneo kubwa, palizi ikabaki ya mkono uleule. Mavuno hayakupanda vya kutosha kulipia mafuta, vipuri na madereva, na matrekta yalikaa muda mrefu yameharibika. Kabla miaka ya 1960 haijaisha mpango ulikuwa umekufa na madeni yake.

Mwalimu Nyerere alikuwa mkali kwenye jambo hili. Alirudia mara nyingi kwamba nchi ya jembe la mkono haiwezi kurukia trekta kwa mkupuo, na kwamba ng'ombe ndio daraja la katikati. Wasomi wa mjini walimcheka. Wasukuma, waliokuwa na ng'ombe na maplau yao tayari, hawakumcheka.

Miaka ikaenda. Miaka ya 1980 tukaunganisha Valmet za Finland pale Kibaha. Tarehe 3 Agosti 2009 Rais Kikwete akazindua Kilimo Kwanza mjini Dodoma, halmashauri zikanunua matrekta madogo ya kusukuma kwa mkono tunayoyaita pawatila, na SUMA JKT ikauza matrekta yaliyoletwa kwa mkopo wa dola milioni 40 kutoka India. Baadaye tukasoma magazetini habari za wadaiwa sugu wa matrekta hayo. Umesikia mwangwi wa VFCU? Na mimi nimeusikia.

Sasa angalia tulivyohesabu mafanikio katika miaka yote hiyo. Tulihesabu matrekta. Hotuba zinataja idadi ya matrekta na nguvu za farasi. Sijawahi kusikia hotuba inayotaja uzito. Na uzito wa ziada, vile vyuma vya mbele, vya kwenye rimu na vya nyuma, kwa kawaida huuzwa kama kifaa cha nyongeza. Mnunuzi mwenye fedha za mawazo anakata nini kwanza kwenye ankara? Anakata vyuma ambavyo haoni kazi yake. Matrekta madogo yaliyotumika yanayokuja kutoka Japani, ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuyamudu, mengi yanafika bila kitu nyuma. Yaani mashine imekuja, mwenzake amebaki.

Pengo hilo likajazwa na nini? Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Likajazwa na watu.

Ukipita vijijini msimu wa kulima, kuanzia Magu hadi Misungwi hadi Sengerema, utaona haro inakokotwa na juu yake amesimama kijana. Mara nyingine wawili. Haro ni nyepesi, haiingii ardhini, basi mwenye trekta anasema "pandeni hapo". Utaona utingo amekaa kwenye madigadi, mmoja kulia, mmoja kushoto, tela likiwa linapandishwa kilima, kusudi magurudumu yashike. Nimeona kwa macho yangu watoto wenye sare za shule wakipandishwa juu ya haro ya ng'ombe, wanafurahi kama wako kwenye bembea. Kwa ng'ombe, mtoto akianguka ng'ombe wanasimama wakiitwa. Kwa trekta, dereva anatazama mbele, injini inapiga kelele, na sahani za chuma zinapita juu ya alichokuwa anakikokota.

Kijana wa kilo 50 juu ya haro anafanya kazi ambayo mfuko wa mchanga ungeifanya. Hana mshahara wa hatari. Hana mkanda. Mara nyingi hata kuitwa mfanyakazi haitwi, "amepewa lifti". Tumeifanya hali hiyo ya kawaida kiasi kwamba akiumia tunasema ni ajali, ni mipango ya Mungu. Mungu hakumpandisha pale!

Wenzetu walilitambua tatizo la matrekta kupinduka wakatunga sheria. Sweden, kuanzia 1959, ililazimisha kila trekta jipya liwe na fremu ya kumlinda dereva, na vifo vya kupinduliwa vikashuka sana, nchi nyingine zikafuata. Fremu ile inamlinda aliyekaa kwenye kiti. Aliyesimama juu ya haro hana fremu duniani itakayomsaidia. Dawa yake ni kumtoa pale na kuweka kitu kingine chenye uzito.

Basi ndiyo maana pipa la Busisi likanivutia. Nilimkuta fundi kwenye kibanda chake asubuhi. Nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, "Mwangaluka, mzee", akacheka, akanisogezea kigoda. Nilimuuliza kwa nini asichukue tu mawe, maana Mwanza hii ina mawe kuliko watu. Akanijibu kwamba jiwe la mlimani halina pa kushikia. Ukilifunga kwa kamba, siku ya mteremko litakupita.

Alinionyesha kazi yake hatua kwa hatua, nami nawapa kama nilivyoielewa.

Kwanza anapima mikono ya trekta. Matrekta madogo mengi hutumia pini za chini za milimita 22 na ya juu ya milimita 19, na nafasi kati ya pini za chini ni sentimita 68 hivi. Pipa lina upana wa sentimita 57 au 58, hivyo chuma kinachopita katikati kinatokeza pande zote mbili na kuwapa mikono pa kushika. Chuma hicho kisiwe bomba jembamba, kiwe nondo nene au ekseli ya gari iliyotupwa. Ndani ya pipa anachomelea vipande vya nondo kwenye hicho chuma, kama miiba, ili zege likishika kisizunguke. Halafu anasimamisha bapa mbili za chuma katikati, zinazopanda juu na kutobolewa tundu la pini ya mkono wa juu. Bila mkono wa juu pipa litapiga sarakasi.

Kisha zege: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Pipa lake amelikata libaki na lita 80 hivi, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi, hapo anapata kilo 190 na kitu. Saruji inayotumika ni kama nusu mfuko. Akitaka zito zaidi bila kuongeza ukubwa, anachanganya chuma chakavu, sahani za plau zilizolika, gia zilizovunjika, maana chuma kina uzito zaidi ya mara 3 ya zege. Linamwagiliwa na kufunikwa magunia kwa siku 7, na hakuna kulifunga kwenye trekta kabla ya hapo.

Nikamuuliza, kwa nini asijaze pipa zima? Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi wa nyuma. Pipa zima la lita 200 lina karibu kilo 480. Trekta dogo likilinyanyua, siku kijiko cha mbele kiko tupu, pua itaelea na usukani hautashika. Tena mikono ya haidroli ina kikomo chake, kimeandikwa kwenye kitabu cha trekta. Uzito mwingi nao ni ugonjwa. Na shambani jiwe linatolewa kabisa, kwa sababu trekta zito linashindilia udongo na mahindi yanakosa pa kupitisha mizizi. Jiwe ni la kazi ya kijiko. Likisafiri, linashushwa chini karibu na ardhi, lisining'inie juu juu.

Mimi nilipenda jambo moja zaidi. Trekta hilo zamani lilikuwa likifanya kazi na vijana wawili wamening'inia nyuma. Siku hizi vijana wale wako chini na sepeti zao, wanajaza kijiko, na wanalipwa kwa kujaza. Jiwe limechukua nafasi yao mbaya, wao wamebaki na nafasi nzuri. Sijui mashine ngapi zilizoletwa na miradi mikubwa zinaweza kudai hivyo.

Kuna watakaosema hizi ni kazi za kienyeji, tusubiri za kiwandani. Nawakumbusha kwamba huko Ulaya na Marekani wakulima walimimina zege lao kwenye mapipa wakafunga nyuma ya matrekta, na wanafanya hivyo mpaka leo. Ferguson mwenyewe alianza kama fundi wa gereji Belfast. Na Warongo hawakusubiri meli ilete jembe. Kinachohitajika ni kuipa kazi hii heshima ya kupimwa. VETA ina wanafunzi wa kuchomelea nchi nzima. Wangeshindwa nini kuchora jiwe moja la kipimo sahihi kwa kila aina ya trekta dogo, lenye pini za uhakika na uzito ulioandikwa ubavuni kwa rangi? Halmashauri inayonunua matrekta 10 ingeshindwa nini kuagiza mawe 10 kwa fundi wa hapohapo?

Na sisi tunaoandika tuna sehemu yetu. Waziri akija kukabidhi matrekta, tunapiga picha za funguo na utepe. Mara nyingine tuulize uzito wa nyuma uko wapi, na nani atakaa juu ya haro. Likikosekana jibu la swali la kwanza, la pili tunalijua tayari.

Kwa leo naishia hapa. Ukipita barabarani msimu huu ukaona kijana amesimama juu ya haro inayovutwa na trekta, simama, mwamkie mwenye trekta kwa adabu, na mwambie habari ya nusu mfuko wa saruji. Alamsiki.